Mavuno makubwa si lazima yawe faida kubwa

Kila mwaka ifikapo Agosti, wakulima wanaotembelea maonyesho ya Nane Nane, iwe Nzuguni mjini Dodoma au viwanja vya John Mwakangale mjini Mbeya, huoneshwa vipando vya mahindi vinavyotia hamu. Mashina yamesimama kwa mstari, majani ni ya kijani iliyokolea na kila shina limebeba. Pembeni huwapo kibao chenye jina la mbegu, aina ya mbolea na idadi ya magunia yanayotarajiwa kwa ekari.

Kinachokosekana mara nyingi kwenye kibao hicho ni gharama. Mkulima huondoka akiamini kwamba aliyevuna magunia mengi zaidi ndiye aliyefaulu zaidi, naye akirudi kijijini hukopa mifuko ya mbolea ili afanye kama alivyoona. Msimu ukiisha, magunia yapo lakini deni halijaisha. Hapo lawama hupelekwa kwa mnunuzi, kwa mvua au kwa mbegu feki. Wakati mwingine lawama hizo ni za haki. Lakini mara nyingine kosa lilifanyika siku ya kununua mbolea, na lilikuwa kosa la hesabu.

Hesabu yenyewe inajulikana kwa karne nne sasa. Ni ile sehemu ya kalkulasi inayotafuta kilele na kima cha chini, yaani mahali ambapo kitu kinafikia ukubwa wake wa mwisho au udogo wake wa mwisho. Wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanaochukua hisabati huisoma, huifanyia mtihani na wengi wao huiacha hapohapo. Mkulima na mwenye duka, ambao kila wiki wanatafuta kilele cha faida na kima cha chini cha gharama, hawaambiwi kwamba ipo.

Uchukuliwe mfano wa ekari moja ya mahindi. Tarakimu hizi ni za kuonesha njia tu, maana kila udongo una zake. Bila mbolea ya kukuzia ekari hiyo inatoa magunia 6 ya kilo 100. Mfuko mmoja ukiwekwa, inatoa 11. Miwili, magunia 14. Mitatu, magunia 15. Wa nne ukiongezwa, mavuno yanarudi 14, kwa kuwa mahindi yanalala au kuungua kwa mbolea iliyozidi.

Kwa maneno mengine, mfuko wa kwanza umeleta magunia 5, wa pili 3, wa tatu gunia moja, na wa nne umeharibu. Mwalimu wa hisabati angeandika kwamba mavuno ni 6 + 6x − x², ambapo x ni idadi ya mifuko. Kisha angetafuta kasi ya ongezeko, ambayo ni 6 − 2x. Mwanzoni kasi ni magunia 6 kwa mfuko. Mfuko wa kwanza ukiisha imeshuka hadi 4, wa pili ukiisha ni 2, na wa tatu ukiisha ni sifuri. Kasi inapokuwa sifuri, kilele cha mavuno kimefikiwa. Anayepanda mlima huinuliwa na kila hatua, na akifika kileleni hatua inayofuata haimwinui tena.

Kupungua huku kwa ongezeko si jambo la kubuni. Katika kituo cha utafiti cha Rothamsted nchini Uingereza, shamba linaloitwa Broadbalk limekuwa kwenye majaribio ya ngano tangu mwaka 1843, na vipande vyake vilivyopewa naitrojeni kwa viwango tofauti vimeonesha jambo hilohilo kizazi baada ya kizazi: kadiri mbolea inavyoongezwa, ndivyo nyongeza ya mavuno inavyokuwa ndogo.

Basi mifuko mitatu ndiyo kilele cha mavuno. Je, ndiyo kilele cha faida? Gunia likiuzwa Sh60,000, na mfuko mmoja wa mbolea pamoja na kibarua wa kuiweka ukigharimu Sh80,000, hesabu inakuwa hivi. Asiyeweka mbolea anapata Sh360,000. Wa mfuko mmoja anabakiwa na Sh580,000 baada ya kulipia mbolea. Wa mifuko miwili anabakiwa na Sh680,000. Wa mifuko mitatu, mwenye magunia 15 ambayo kijiji kizima kinayasifu, anabakiwa na Sh660,000. Amemzidi jirani yake gunia moja na amezidiwa Sh20,000.

Sababu iko wazi. Mfuko wa tatu uligharimu Sh80,000 na ukaleta gunia la Sh60,000. Kilele cha faida hakiko pale kasi ya mavuno inapofika sifuri, bali pale ambapo thamani ya kile kinacholetwa na mbolea inalingana na bei ya mbolea hiyo. Katika mfano huu ni pale kasi inaposhuka hadi gunia moja na theluthi kwa mfuko, yaani mifuko miwili na theluthi. Kilele cha faida huwa upande wa chini wa kilele cha mavuno maadamu mbolea inanunuliwa. Vingelingana tu kama mbolea ingekuwa ya bure na kuiweka shambani nako kukawa bure.

Gharama za kulima, kupanda na kupalilia hazihamishi kilele hicho, kwa kuwa ni zilezile uwe umeweka mfuko mmoja au mitatu. Zinaamua tu kama mkulima atabaki na kitu. Zile zinazoongezeka kwa kila gunia, kama kupukuchua, gunia lenyewe na usafiri hadi sokoni, ndizo za kutolewa kwenye bei ya gunia kabla hesabu haijaanza. Na hapo ieleweke kwamba bei ya gunia la lumbesa si bei ya gunia la kilo 100. Mkulima anayepigia hesabu gunia lililoshindiliwa hadi likaota kichwa anajidanganya tangu mstari wa kwanza.

Bei zikibadilika, kilele kinahama. Hili ndilo ambalo ushauri mwingi wa kilimo unalisahau. Mwaka 2022, baada ya janga la Uviko-19 na vita vya Urusi na Ukraine kupandisha bei ya mbolea duniani, mfuko wa kilo 50 wa urea ulivuka Sh100,000 nchini, na Serikali ikaleta ruzuku kuanzia msimu wa 2022/23. Kwa shamba la mfano, mfuko ukifika Sh130,000 na kibarua Sh10,000, huku gunia likiuzwa Sh40,000 tu, kilele cha faida kinashuka hadi mfuko mmoja na robo, na mkulima anabakiwa na takriban Sh302,000. Akishikilia mifuko mitatu kwa sababu ndivyo kibao kilivyosema, anabakiwa na Sh180,000. Ambaye hakuweka hata punje ya mbolea ana Sh240,000.

Si rahisi kumwambia mtu aliyetumia Sh420,000 kwenye mbolea kwamba angekuwa na fedha nyingi zaidi kama asingenunua. Lakini kwa bei hizo ndivyo ilivyo. Na mfano huohuo unakataa pia kauli ya vijiweni kwamba mbolea haina faida, kwani mfuko mmoja tu ungemwacha na Sh300,000. Mbolea ina faida. Swali ni hadi mfuko wa ngapi.

Wapo watakaouliza kama mkulima atapimaje theluthi ya mfuko. Jibu lilipatikana zamani, tena kwenye mapipa ya mvinyo. Mwaka 1613 mtaalamu wa nyota Johannes Kepler alifunga ndoa nchini Austria. Alimwona muuza mvinyo akipima mapipa kwa kutumbukiza fimbo kwa mshazari kupitia tundu la juu hadi pembe ya chini, kisha akatoza bei kwa urefu wa fimbo peke yake, bila kujali kama pipa ni refu au fupi na nene. Kepler alishuku, kama mnunuzi yeyote angeshuku kipimo cha namna hiyo. Mwaka 1615 akatoa kitabu kizima kuhusu ujazo wa mapipa. Aligundua kwamba umbo la mapipa ya Austria lilikuwa karibu sana na lile linalobeba mvinyo mwingi kuliko yote kwa urefu uleule wa fimbo, na kwamba karibu na kilele makosa madogo ya umbo hayabadilishi ujazo kwa kiasi cha kuonekana.

Hilo ni jambo la faida kwa mkulima. Katika mfano wa kwanza, mifuko miwili na theluthi inaacha takriban Sh687,000, mifuko miwili inaacha Sh680,000, na miwili na nusu Sh685,000. Hakuna haja ya mizani ya duka la dhahabu. Na kwa kuwa mbolea hulipiwa leo ilhali mvua haijulikani, mwenye busara hukaa upande wa chini wa kilele: anapoteza kidogo mwaka ukiwa mzuri, na anaokoa bei ya mbolea mwaka ukiwa mbaya.

Kepler aliona jambo, lakini njia ya jumla ilitolewa katika miaka ya 1630 na Pierre de Fermat, mwanasheria wa mahakama ya Toulouse nchini Ufaransa, aliyefanya hisabati baada ya saa za kazi. Mwaka 1684 Mjerumani Gottfried Leibniz alipochapisha makala yake ya kwanza kuhusu kalkulasi, kutafuta kilele na kima cha chini kulitajwa kwenye kichwa cha makala. Hisabati hii ambayo leo inaogopwa ilianza na maswali ya kawaida kabisa ya kipi kinazidi na kipi kinapungua.

Kuna hali moja ambayo mkulima wa Tanzania huikuta kuliko zote: fedha haifiki kileleni. Ana mifuko miwili tu na ekari mbili. Wengi huamua kuiweka yote kwenye ekari moja ili angalau hiyo itoke vizuri. Kwa shamba la mfano, mifuko miwili kwenye ekari moja inaongeza magunia 8. Mfuko mmoja kwa kila ekari unaongeza 5 na 5, yaani magunia 10. Mbolea ni ileile na ardhi ni ileile, lakini magunia mawili yalipotea kwa sababu mfuko wa pili ulipelekwa mahali ambapo kasi ya ongezeko ilikuwa imeshashuka, wakati ekari ya pili ilikuwa bado na njaa. Mwenye mbolea kidogo aisambaze, almradi mashamba yote mawili yanapaliliwa. Mbolea iliyowekwa kwenye magugu hulisha magugu.

Kanuni ileile inayopata kilele hupata pia bonde, na bonde ndilo linalomhusu mwenye duka. Uchukuliwe mfanyabiashara wa kijijini anayeuza mifuko 240 ya sukari kwa mwaka. Kila safari ya mjini, nauli na gari la mzigo, ni Sh20,000. Kila mfuko unaokaa stoo mwaka mzima unamgharimu Sh6,000 kwa riba ya mtaji uliofungwa hapo, unyevu na panya. Akienda mara chache na kujaza stoo, gharama ya kutunza inapanda. Akienda mara nyingi, nauli zinammaliza.

Akienda mara 12 kwa mwaka na kuleta mifuko 20, analipa Sh240,000 za safari na Sh60,000 za kutunza mzigo, kwa kuwa kwa wastani stoo huwa na nusu ya alicholeta. Jumla Sh300,000. Akienda mara mbili tu na kuleta mifuko 120, safari ni Sh40,000 lakini kutunza ni Sh360,000. Jumla Sh400,000. Akienda mara sita na kuleta mifuko 40, safari ni Sh120,000 na kutunza Sh120,000, jumla Sh240,000, na hakuna mpango mwingine wa mafungu yanayolingana utakaoshuka chini ya hapo. Gharama mbili zimelingana, na hiyo ndiyo alama ya bonde katika hesabu ya namna hii. Mmarekani Ford Harris aliichapisha kanuni hiyo mwaka 1913 kwa ajili ya viwanda: zidisha mauzo ya mwaka kwa gharama ya safari mara mbili, gawanya kwa gharama ya kutunza kitu kimoja, kisha tafuta kipeo cha pili. Simu yoyote yenye kikokotoo cha kipeo inaifanya kwa nusu dakika.

Mwenye kujua kwamba sukari itapanda bei wiki ijayo ana haki ya kuiacha kanuni hiyo pembeni. Lakini mwenye kujaza stoo kila Januari kwa sababu ndivyo alivyozoea, hana.

Wafugaji wa kuku wa nyama nao wana kilele chao, nacho ni siku. Kila siku kuku anakula zaidi ya jana, na baada ya wiki kadhaa nyama anayoongeza kwa kila kilo ya chakula inazidi kupungua. Siku ya kuuza ni ile ambayo thamani ya nyama iliyoongezeka inalingana na bei ya chakula kilicholiwa. Ila katika masoko mengi ya mtaani kuku huuzwa kwa kichwa, si kwa kilo. Huko, akishafika ukubwa ambao mnunuzi anautaka, kila siku ya ziada bandani ni chakula kinachotolewa zawadi.

Nani basi amfikishie mkulima hesabu hii? Haitarajiwi kwamba kila mwenye ekari mbili akae chini na kutafuta kasi ya mabadiliko kwa herufi za x. Kazi hiyo ni ya wataalamu, na imeshawahi kufanywa. Katika muongo wa 2010 mradi wa OFRA uliendeshwa katika nchi 13 za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, na ukatengeneza programu ya kompyuta kwa ajili ya maeneo mbalimbali. Mkulima anataja ekari za kila zao, bei anayoitarajia, bei ya kila mbolea na fedha aliyonayo, na programu inamwambia aweke nini wapi ili faida ifike juu kabisa. Kwa mahali pasipo na kompyuta zilitengenezwa karatasi zenye mapendekezo yaliyopangwa kwa uwezo wa fedha wa mkulima.

Hiyo ndiyo aina ya ushauri inayopaswa kumfikia mkulima kupitia kwa ofisa ugani wa kata. Kiwango kimoja cha mbolea kwa wilaya nzima, kisichotaja bei wala mfuko wa mkulima, ni nusu ya ushauri. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, ina kituo cha Mlingano mkoani Tanga kinachoshughulika na udongo. Matokeo ya udongo yakikutanishwa na bei za msimu husika kabla ya mbolea kununuliwa, jedwali la ukurasa mmoja linatosha: safu moja ya bei ya mfuko, safu nyingine ya bei ya gunia, na katikati idadi ya mifuko kwa ekari. Bei zikibadilika, mkulima anashusha kidole mstari mmoja.

Vyama vya ushirika navyo vina la kufanya bila kusubiri mtu. Wanachama watatu wakikubali kutenga vipande vitatu vyenye udongo unaofanana, kimoja bila mbolea ya kukuzia, kimoja kwa mfuko mmoja kwa ekari na kingine kwa miwili, na wakapima mavuno kwa mizani badala ya macho, kijiji kitapata tarakimu zake chenyewe. Misimu miwili au mitatu ya namna hiyo itawafaa kuliko tarakimu za mfano zilizotumika hapa.

Kwa wanaoandaa vipando vya Nane Nane, ombi ni dogo zaidi. Chini ya idadi ya magunia, kibao kina nafasi ya mistari miwili: shilingi ngapi zilitumika kwa ekari, na shilingi ngapi zilibaki.